Mateka Asiye na Pa Kujificha

Filamu za mateka wa vita tunazozipenda karibu zote ni za kutoroka. Chukua The Great Escape ya 1963: handaki linachimbwa, nguo za kiraia zinashonwa, hati bandia zinachorwa, halafu usiku mmoja watu wanapenya chini ya ua. Katika tukio lenyewe, Machi 1944, walitoka 76, na 50 kati yao wakaja kuuawa kwa risasi. Nimeitazama mara nyingi tu. Lakini niliposoma habari za John Henry Smythe ndipo nikajiuliza swali ambalo filamu ile haiulizi: na kama wewe ni mweusi, je?

Smythe alizaliwa Freetown, Sierra Leone, mwaka 1915. Alijiunga na jeshi la anga la Uingereza, akawa mwongoza njia kwenye ndege za mabomu, yaani yule anayekaa na ramani na kumwambia rubani pa kupita. Novemba 1943 ndege yake ilitunguliwa Ujerumani. Aliruka kwa mwavuli akiwa na majeraha, akajificha ghalani, wakamkuta. Akaishia Stalag Luft I, kambi ya mateka huko Barth, karibu na bahari ya Baltiki.

Mle kambini alikuwa kwenye kamati ya kupanga utorokaji. Aliwasaidia wenzake, lakini yeye mwenyewe hakuwa na la kupanga. Mweusi, tena mrefu kupindukia, angefika wapi katika vijiji vya Ujerumani ya Hitler? Hati bandia inabadilisha jina, ngozi haiigusi. Alibaki mpaka Wasovieti walipofika, Mei 1945.

Baada ya vita alifanya kazi Wizara ya Makoloni mjini London. Mwaka 1948 alikuwamo kwenye meli ya Empire Windrush, ofisa aliyewasimamia askari wa zamani wa Karibi. Yaani kazi ileile: kuwavusha wengine. Kisha akasomea sheria, akarudi nyumbani, akafika kuwa Mwanasheria Mkuu wa Sierra Leone. Alifariki 1996.

Natamani mtu amwandikie riwaya. Ila asianze na ndege inayowaka moto, maana hiyo tumeshaizoea. Aanze na usiku ambao mpango umeiva, wenzake wanavaa viatu gizani, na yeye anawashikia mlango.