Picha Inayokataa kwa Niaba Yako

Lubumbashi

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amemweleza mjomba wako kwamba memwari yako ya chuo imekwama kwenye sura ya pili tangu mvua zilipoanza, na kila jioni jibu lako ni "kesho". Mjomba hakuandikii ili akukemee. Anataka ukumbuke ukuta wa duka.

Katika maduka mengi ya Kongo ilitundikwa picha ya wafanyabiashara wawili. Aliyeuza kwa pesa taslimu amenenepa, ameketi kando ya kasha lililojaa. Aliyekopesha amekonda, na panya wanazurura kwenye kasha lake tupu. Picha hiyo ilitoka ng'ambo, kisha wachoraji wetu wakaipa sura na nguo za hapa. Angalia ilivyotundikwa: inamkabili mteja. Muuzaji huona haya kumkatalia jirani, basi picha humkatalia kabla neno "mkopo" halijatoka mdomoni. Aliyeitundika alijua saa yake ya udhaifu, akaiwekea mlinzi mapema. Wewe saa yako ni ile unaposhika simu baada ya kula.

Kwamba mtu huhitaji kitu cha nje kumsaidia, Waluba walilijua tangu zamani. Wana Mbudye, waliotunza kumbukumbu za ufalme, walikuwa na lukasa, kibao cha mti kinachotosha mkononi, kimepambwa kwa shanga na kauri. Mzee alipitisha kidole juu ya shanga huku akisimulia wafalme, safari na mahali patakatifu. Hakuona aibu kukiri kwamba kichwa peke yake hakitoshi.

Lakini si kila picha husaidia. Unaikumbuka ile ya Inakale: mtu yuko juu ya mti, nyoka tawini, simba chini, mamba majini. Ilipendwa sana sebuleni mwa watu, na ni kweli inasema maisha yalivyo. Ila haina njia ya kutokea. Mjomba anaogopa kwamba hivyo ndivyo unavyoiona memwari yako.

Ndiyo maana anakutajia Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 hapa hapa, mji ulipoitwa Élisabethville. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi nzima kwa ajili ya Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha hapa. Alitumia kitambaa cha magunia ya unga. Nani angethubutu kuibeba historia yote ya Kongo kwa siku moja? Alichora tukio moja, akafuata jingine, na Fabian alipozichapisha picha hizo mwaka 1996 zilikuwa 101.

Basi usiku huu geuza kalenda ya mwaka jana. Upande mweupe chora visanduku, kila kimoja kazi ya saa moja: soma kurasa 10, andika aya mbili, panga majibu ya wahojiwa. Usiandike "sura ya tatu", hiyo ni simba chini ya mti. Kilichokamilika kipake rangi nyekundu. Kisha karatasi usiitundike juu ya meza ambayo huikalii. Itundike pale unapochaji simu.

Jumapili mjomba atapita. Atautazama ukuta kwanza, ndipo aketi kula bukari.

Mjomba wako