Wadudu wa Mama

Jamani, sisi waandishi wa programu hitilafu tunaziita wadudu. Jumamosi niliwinda wadudu halisi kwenye sukuma wiki ya mama. Lenzi ya makro ni ghali, kwa hiyo niligeuza lenzi yangu ya milimita 50 nyuma mbele. Kwa ukaribu huo, kinachoonekana wazi ni kama milimita moja tu. Ukipumua, picha imeharibika.

Mama alikuwa ameshabeba bomba la dawa amuue "mdudu mweusi wa miiba." Nikamwonyesha picha: ni mtoto wa mdudu kibibi, kidukari mdomoni.

"Kumbe huyu ni askari wetu, mwanangu!"

Bomba likarudi stoo. Nami kazini sifuti tena msimbo nisioujua kabla sijautazama kwa karibu.