"Imezeeka Wapi?": Uzito wa Mashine na Hifadhi ya Sauti za Ufipa

Utangulizi

Tangu kompyuta ziingie majumbani, lalamiko moja limesikika kuliko mengine yote: "Mashine hii ni nzito." Hulitamka mwalimu, hulitamka karani, hulitamka mwanafunzi, na wote hulitamka kwa maneno yaleyale. Hata hivyo, maradhi yanayolizaa lalamiko hilo ni mengi na hayafanani. Insha hii inalifuatilia lalamiko hilo katika nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu wa mjini Sumbawanga, ambaye kisanduku chake cha kuhifadhia faili kilianza kuzorota. Inakusudia kuonyesha kwamba hatua ya kwanza ya kuutibu uzito wa mashine ni hatua ya lugha, yaani kueleza kinagaubaga mashine ni nzito kwa namna gani, wakati gani na katika kiungo kipi.

Kisanduku chenyewe ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi. Ndani yake mna diski mbili, na kwa nje kimeunganishwa kwa waya na ruta ya nyumbani. Kompyuta yoyote iliyomo nyumbani huweza kuweka faili humo na kuzichukua, kama vile familia nzima ichotavyo nafaka katika kihenge kimoja. Diski hizo mbili hufanya kazi kwa mfumo wa kioo: kila kinachoandikwa katika moja huandikwa pia katika nyingine, ili moja ikifa nyingine ibaki.

Kilichohifadhiwa humo ndicho kinachoipa habari hii uzito wa aina nyingine. Katika miaka yake ya kufundisha vijijini, mwalimu huyo alirekodi kaseti zipatazo 300 za hadithi, vitendawili, methali na nyimbo za kazi kwa lugha ya Kifipa. Wengi wa wazee waliozungumza mle wamekwisha kufariki. Maandishi ya fasihi simulizi ya Wafipa ni machache. Kitabu cha mwanaanthropolojia Roy Willis kuhusu sanaa ya masimulizi ya watu hawa, kilichotolewa mwaka 1978, ni miongoni mwa hayo machache, nacho kimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo kaseti za nyumba hiyo hazina mbadala. Kila kaseti ya saa moja, ikihamishiwa kwenye kompyuta kwa ubora wa santuri ya sidii, huchukua takriban megabaiti 635. Kaseti 300 ni takriban gigabaiti 190.

Uchawi na upimaji

Wenyeji hulieleza jina la Sumbawanga kuwa ni amri: "tupa uchawi". Anayefika mjini, kwa maelezo hayo, anatakiwa auache uchawi wake nje. Amri hiyo inafaa pia kwa mwenye mashine nzito. Aghalabu mtu wa namna hiyo hutafuta wa kulaumiwa kabla ya kutafuta chanzo. Jamaa wa mwalimu walianza kwa kuulaumu mtandao wa simu, wakashauri anunue bando kubwa zaidi. Ushauri huo haukuwa na msingi. Faili inayotoka katika kisanduku kwenda kwenye kompyuta iliyo chumba cha pili hupita katika ruta ya nyumbani tu. Haitoki nje ya nyumba, wala haiitumii intaneti. Hata bando likiisha kabisa, njia hiyo hubaki ileile.

Kisha aliitwa kijana fundi wa kompyuta, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wa mwalimu huyo. Baada ya shikamoo na marahaba, kijana alikitazama kisanduku, akatoa hukumu.

"Mwalimu, mashine hii imezeeka. Tununue nyingine."

"Sawa, mwanangu. Lakini imezeeka wapi?"

Kijana hakuwa na jibu, na kwa heshima alikiri hivyo. Swali hilo liliibadili kazi yote. Si swali geni katika nchi ya Ufipa. Wafua chuma wa uwanda huo, ambao matanuri yao yalichunguzwa na mwanaakiolojia Bertram Mapunda katika tasnifu yake ya mwaka 1995, waliigawa kazi yao katika hatua. Jiwe la chuma liliyeyushwa kwanza katika ilungu, tanuri refu la udongo lililovuta hewa lenyewe bila mivukuto. Kilichopatikana kilisafishwa katika kintengwe, tanuri dogo lililopulizwa kwa mivukuto, ndipo kikafika kwa mhunzi. Dawa na miiko vilikuwapo, lakini pamoja navyo palikuwapo na hatua zilizotenganishwa. Penye hatua zilizotenganishwa, huwezekana kuuliza kasoro imeingilia hatua ipi.

Njia ya faili nayo ina hatua: diski, ubongo wa kisanduku, waya, ruta, waya mwingine au hewa ya waifai, kisha kompyuta ya mtumiaji. Mwendo wa njia nzima huamuliwa na kiungo chembamba kuliko vyote. Kuvipanua viungo vingine hakuleti nafuu yoyote iwapo hicho hakijaguswa.

Namna za uzito

Mwalimu alichukua daftari. Kwa siku mbili hakugusa kitu, ila aliandika namna uzito unavyojitokeza. Hapo ndipo Kiswahili kilipomfaa, kwani vitenzi vyake hutenganisha mambo ambayo neno "nzito" huyachanganya.

Ipo mashine inayochelewa kuanza, kisha ikaenda vizuri. Huo si ugonjwa. Diski imepumzishwa ili kuokoa umeme, na huhitaji sekunde kadhaa kuanza kuzunguka upya.

Ipo inayosuasua, ambayo mwendo wake hupanda na kushuka kutegemea chumba na saa. Hiyo ni dalili ya waifai. Mawimbi ya gigahezi 5 hubeba mengi lakini hudhoofishwa na kuta. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi lakini hubeba machache. Nyumba ya kuta nene za matofali ya kuchoma huyatesa yote mawili.

Ipo inayokwenda polepole kwa mwendo mmoja usiobadilika. Ukipimwa ukawa karibu na megabaiti 11 kwa sekunde, hiyo ni alama ya wazi kabisa. Waya wa mtandao una nyuzi 8 zilizosokotwa mbilimbili. Mwendo wa megabiti 1,000 huhitaji nyuzi zote 8; mwendo wa megabiti 100 hutosheka na 4. Uzi mmoja ukikatika, vifaa viwili vinavyowasiliana huweza kuteremka vyenyewe hadi mwendo wa chini bila kutoa lalamiko lolote. Kwa kuwa baiti moja ni biti 8, megabiti 100 ni megabaiti 12.5 tu, na zikitolewa gharama za njiani hubaki kama 11.

Ipo iliyo nyepesi kwa faili moja kubwa lakini nzito kwa faili ndogo elfu. Kila faili hufunguliwa, husajiliwa na kufungwa, na shughuli hizo huzidi kazi yenyewe ya kunakili. Dawa yake ni kuzifunga faili hizo katika furushi moja kabla ya kuzihamisha.

Mwisho, ipo inayogota: husimama kabisa kwa sekunde kadhaa, kisha huendelea kama kwamba hapakutokea jambo. Hii haina budi kuogopwa. Yamkini diski ni ya aina ambayo njia zake za kuandikia zimelaliana kama mabati ya paa, hata kuandika upya njia moja hulazimu kuandika upya majirani zake; mwaka 2020 ilidhihirika kwamba watengenezaji walikuwa wameuza diski za namna hiyo bila kuwaeleza wanunuzi. Diski hizo hugota zaidi wakati wa kuandika. Lakini kama mgoto hutokea wakati wa kusoma, na mahali palepale kila mara, basi huenda diski inajaribu tena na tena kusoma sehemu iliyokwisha kuharibika.

Kiungo kimoja baada ya kingine

Kipimo kilichotumika ni faili moja ya kaseti ya saa moja. Kutoka chumba cha kulala, kwa waifai, ilichukua zaidi ya dakika 10. Karibu na ruta ilichukua dakika 3. Kwa hiyo ukuta ulikuwa na sehemu yake ya lawama. Kompyuta ilipounganishwa kwa waya, faili ileile ilichukua sekunde 58. Jamaa walifurahi, wakadhani tatizo limekwisha. Mwalimu aligawanya 635 kwa 58, akapata karibu 11, akarudi kwenye daftari.

Waya uliotoka katika kisanduku ulikuwa umepitishwa chini ya mlango, na mlango ulikuwa umeusaga kwa miaka. Ulibadilishwa kwa waya mwingine wa bei ndogo, na sekunde 58 zikawa 6. Kijana fundi alitumia kisha programu ya iperf, ambayo huupima mtandao peke yake bila kuigusa diski, akapata megabiti 940 kwa sekunde. Njia ilikuwa safi. Hata hivyo, folda ya kaseti zilizorekodiwa upande wa Namanyere iliendelea kugota palepale. Palibaki kiungo kimoja tu cha kushukiwa.

Ikumbukwe kwamba maradhi matatu yalikuwa yamelundikana: ukuta, waya na diski. Kila moja lilifichwa na lililolitangulia. Lau mashine mpya ingenunuliwa siku ya kwanza, ingefungwa kwa waya uleule uliosagika, ikasomwa kwa waifai ileile, na uzito ungebaki.

Nakili kwanza

Diski nyingi hutunza taarifa ya afya yake zenyewe: idadi ya sehemu zilizoharibika na kuhamishwa, na idadi ya zile zinazosubiri hukumu. Taarifa ya diski moja ilikuwa safi. Ya pili ilionyesha hesabu zote mbili zikipanda siku hadi siku. Kijana alitaka aichomoe mara moja na kuweka mpya. Mwalimu alimzuia, na sababu yake inastahili kuelezwa.

Diski mpya ikiwekwa, kisanduku huijaza kwa kuisoma ile iliyobaki, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hiyo iliyobaki ilinunuliwa siku moja na ile mgonjwa, na imefanya kazi saa zilezile. Kuikabidhi kazi nzito kuliko zote ilizopata kufanya, ilhali ndiyo pekee iliyobeba kila kitu, ni kuhatarisha vyote. Zaidi ya hayo, Sumbawanga, ambao kwa miaka mingi ulipata umeme wake kutoka Zambia, unajua kukatika kwa umeme. Na umeme ukikatika ghafla, kisanduku huweza kuanza upya kwa kulinganisha diski zake kwa saa nyingi, na uzito ukaongezeka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kunakili gigabaiti zote 190 kwenye diski ya pembeni. Kwa mwendo wa zamani wa megabaiti 1 kwa sekunde zingehitajika saa 53. Kwa njia iliyokwisha kusafishwa ingetosha nusu saa, lakini kwa sababu ya migoto kazi ilikesha hadi alfajiri. Ndipo diski mgonjwa ilipobadilishwa.

Mwalimu alipozilinganisha nakala na orodha ya kaseti, alikuta pengo moja. Folda ya vitendawili vya bibi mmoja haikuwamo. Ilikuwa imefutwa zamani, na mfumo wa kioo ulikuwa umeifuta katika diski zote mbili kwa uaminifu uleule unaotumika kuandika. Kaseti yenyewe ilikwisha kurekodiwa nyimbo juu yake. Hakuna fundi wa kuirudisha. Kioo humlinda mtu dhidi ya kifo cha diski moja. Hakimlindi dhidi ya kidole, radi wala mwizi. Nakala ya kweli ni ile iliyotengwa na kuwekwa mahali pengine. Sasa nakala moja imo kabatini, na nyingine imepelekwa kwa binti yake, Mbeya.

Hitimisho

Yapo mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza linawahusu wenye hifadhi za namna hii, ambao wanazidi kuongezeka kadiri kaseti za watafiti na walimu zinavyohamishiwa kwenye diski. Uzito wa hifadhi ni taarifa. Upokewe, uelezwe, upimwe kiungo kimoja kwa wakati mmoja, na kabla ya tiba yoyote kilichomo kinakiliwe.

La pili linawahusu wanaisimu. Jitihada nyingi za istilahi za kompyuta zimeelekezwa kwenye nomino, kwa kutafuta kila kifaa kiitweje. Jitihada hizo ni za lazima. Lakini fundi na mwenye mashine hukutana kwanza katika kitenzi. Kuchelewa, kusuasua, kuzorota na kugota ni maneno yaliyokwisha kuwamo katika lugha, kila moja na mipaka yake, na kila moja huweza kuelekeza kwenye kiungo tofauti. Yakifundishwa kwa maana hizo mahususi katika vyuo vya ufundi, kijana atakayeitwa kesho katika nyumba nyingine ya Ufipa hatahitaji kuulizwa mashine imezeeka wapi. Atauliza yeye mwenyewe, tena kwa maneno ambayo mwenye nyumba ataweza kuyajibu.