Gari Lililosimama na Kilicho Nyuma Yake

Mtu akipigwa picha hujitetea mwenyewe. Hunyoosha kola ya shati, hukunja uso ili aonekane mzito, au hutabasamu ili aonekane mwema. Gari haliwezi kufanya hivyo. Gari lililoegeshwa hukaa kama lilivyoachwa, na kilicho nyuma yake ndicho hulisemea. Ukiliweka mbele ya ukuta wa benki, litasema mambo ya benki. Ukiliweka mbele ya jalala, hata likiwa jipya, mtazamaji ataanza kutafuta kasoro zake.

Nimeishi Ujiji miaka mingi, na kwa kuwa nilipata kamera mapema kuliko majirani zangu, nimeombwa kupiga picha za magari mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera, lakini bado huja mtu akaniuliza, "Mzee, unafikiri tukalipigie wapi?" Swali hilo ni dogo kwa kulisikia. Mimi naliona kubwa, na ningependa, ndugu msomaji, tulitazame pamoja.

Ingia katika sebule ya mtu wa makamo hapa kwetu, uombe kuonyeshwa albamu. Hutafungua kurasa nyingi kabla ya kukutana na kijana aliyeegemeza kiwiko kwenye boneti ya gari lisilo lake. Pengine ni gari la mkuu wake wa kazi, pengine la mgeni wa harusi, pengine lilikuwa limeegeshwa tu mjini na mwenyewe yuko ofisini. Jambo hili si la Kigoma peke yake. Kule Bamako, nchini Mali, mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alikuwa na gari aina ya Peugeot 203, nalo linaonekana katika baadhi ya picha za wateja wake. Kule Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990, wapiga picha wa vibandani walichora meli na ndege kwenye mapazia, abiria wa kivuko akasimama mbele yake na kuondoka amesafiri.

Sioni aibu yoyote katika picha hizo. Waliozitazama walikuwa mama, shangazi na majirani, nao walijua vizuri gari ni la nani. Picha haikumdanganya mtu. Ilisema tu, "Natamani." Na kutamani hakujawahi kuwa kosa.

Mambo hubadilika pale picha inapoondoka peke yake kwenda kwa mtu asiyetujua. Zamani aliyetaka kununua gari alifika, akalizunguka, akapiga teke tairi, akaita fundi. Leo picha hutumwa Kasulu, Tabora au Dar es Salaam kwa dakika moja, na mtu huanza kukusanya fedha kabla hajaligusa gari lenyewe. Hapo mahali pa kupigia picha huwa sehemu ya maelezo ya biashara, na maelezo yaweza kuwa ya kweli au ya uongo.

Mji wetu una mahali pazuri pengi, labda kupita kiasi. Wengi hukimbilia stesheni ya reli, maana jengo lake limesimama tangu enzi za Wajerumani, na reli yenyewe ilifika Kigoma mwaka 1914. Lina heshima yake, na gari lolote mbele yake huonekana limetoka safari ndefu. Lakini stesheni na bandari ni mahali panapolindwa. Asiyeomba ruhusa kwanza aweza kuishia kutoa maelezo badala ya kupiga picha.

Wengine hupenda meli ya Liemba ionekane kwa nyuma. Meli hiyo ilishushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Inasimuliwa kwamba kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Kila nikiitazama huwaza kwamba aliyeikomboa meli ile ni yule aliyeshughulikia kilichokuwa ndani. Rangi ya nje isingeisaidia kitu chini ya maji.

Huku Ujiji watu hutaka mnara wa Livingstone, mahali anapokumbukwa kukutana na Stanley mwaka 1871, au miembe mikubwa ya barabara ya zamani ya misafara. Kivuli cha mwembe ni kizuri kwa kupumzika, ila kwa picha ya gari kina hila. Mwanga hupenya majani vipande vipande, ukaacha madoa juu ya bodi, hata mtu asijue kama anatazama kivuli au rangi iliyobabuka. Kwa anayeuza gari lenye rangi mbaya, mwembe ni rafiki mkubwa.

Wote kwa jumla, hata hivyo, hupenda ziwa. Nani atawalaumu? Lakini ziwa letu liko upande wa magharibi, na hilo lina kanuni yake. Jioni jua hushukia milima ya Kongo, likawa nyuma ya gari na mbele ya macho ya mpiga picha. Anga huwa dhahabu tupu, na gari huwa kivuli cheusi. Picha hiyo hupendwa sana, nami nakiri inavutia, lakini haionyeshi hata mkwaruzo mmoja. Atakaye kuliona gari lenyewe na maji nyuma yake, afike asubuhi. Kigoma jua huchomoza karibu saa moja kamili, yapata dakika arobaini baada ya Dar es Salaam, nalo hutokea upande wa nchi kavu. Likishapanda juu ya vilima, humulika ubavu wa gari sawasawa na ziwa hubaki buluu kwa nyuma. Kuanzia saa nne mwanga huwa mkali, na vioo huanza kuchoma macho.

Yapo na mambo madogo ya kuangalia. Nguzo ya umeme isionekane kama imeota juu ya paa. Mstari wa maji usilikate gari kwenye vioo. Mpiga picha apige magoti, kamera iwe usawa wa taa, kisha arudi nyuma hatua kadhaa badala ya kulisogelea, maana ukilisogelea mno pua yake huvimba. Tena akumbuke kwamba bodi iliyooshwa ni kioo. Watu huhangaika na kilicho nyuma ya gari, wakasahau kwamba mlangoni huonekana kilicho nyuma ya mpiga picha: watoto waliokusanyika, baiskeli, na yeye mwenyewe amepiga magoti. Hakuna picha ya gari safi ambayo haina mpigaji ndani yake.

La mwisho ni ardhi. Hili halizungumzwi, nami naliona kubwa kuliko yote. Majani hufunika nusu ya tairi na kumeza tone la oili. Mchanga wa ufukweni hufanya vivyo hivyo, mbali na hatari ya gari kuzama au kufikiwa na maji, kama tulivyoona ziwa lilivyopanda na kuingia katika majengo ya pwani mwaka 2020 na 2021. Sakafu ya saruji haifichi kitu. Gari likivuja, saruji husema.

Nilijifunza uzito wa jambo hili kwa Land Rover 109 ya rafiki yangu, sasa marehemu. Kwa miaka mingi aliitumia kubeba dagaa na migebuka kutoka Kibirizi kwenda Kasulu, na wakati wa kurudi, biashara ikiruhusu, alipitia Uvinza kuchukua chumvi. Wanaoyajua magari hayo wataelewa mara moja. Bodi ya Land Rover ya zamani imetengenezwa kwa aluminiamu, hivyo kutu ya chuma haiipati, lakini chesesi yake ni chuma. Chumvi na maji ya samaki vilidondoka huko chini mwaka baada ya mwaka. Juu gari lilipendeza. Chini, pembe ya nyuma ya chesesi ilikuwa imeliwa, unaweza kuibonyeza kwa bisibisi.

Mjane wake alipotoka eda aliniita. Kulikuwa na deni la nyavu, na watoto wawili walikuwa bado shuleni. Warithi walikwisha kukubaliana kwamba gari liuzwe. Kijana wake mkubwa alikuwa ameshachagua mahali: hoteli moja kando ya ziwa yenye bustani ya majani mabichi. "Baba mdogo," aliniambia, "pale hata gari bovu linaonekana la balozi."

Alikuwa anasema kweli, na nilielewa haja yake. Deni lilikuwa linamkabili yeye. Mama yake akauliza swali moja tu. "Shemeji, pale kwenye majani chini yake kutaonekana?"

Nikamjibu kwamba hakutaonekana.

"Basi tafuta mahali patakapoonekana. Marehemu hakuacha mtu anayemdai gari. Sitaki nimzalishie mdai akiwa kaburini."

Tulilipeleka Mwanga, kwenye ua wa ghala moja wenye sakafu ya saruji na ukuta uliopakwa chokaa. Hapakuwa na cha kuvutia hata kidogo. Nikalipiga mbele, nyuma, ubavu huu na ule, kisha nikalala chali na kupiga ile pembe iliyoliwa. Kijana alisimama pembeni kimya, amefunga mikono. Juma la kwanza hakupiga simu mtu yeyote, na sitasahau jinsi alivyokuwa akinitazama tulipokutana msikitini. Juma la tatu alitokea mtu wa Kibondo, akaja na fundi wake na kipande cha chesesi kimeshapimwa kwa ajili ya kuchomelea. Alikata bei, tena alikata sana. Fedha iliyobaki ililipa deni na ada ya mwaka mmoja. Ya mwaka wa pili ilibidi itafutwe kwingine. Siwezi kusema kwamba ukweli ulilipa kuliko bustani ya hoteli. Nasema tu kwamba mtu yule aliondoka na gari alilolijua, na mpaka leo hakuna aliyerudi kugonga mlango wa mama yule.

Kabla gari halijaondoka, shemeji aliniomba picha moja zaidi. Hii alichagua mahali yeye mwenyewe: uani kwake Ujiji, chini ya mwembe, pale marehemu alipokuwa akiliegesha kila Ijumaa na kulifuta kwa kitambaa. Ilikuwa alasiri, madoa ya mwanga yamejaa juu ya boneti, nusu ya tairi imezama katika majani makavu. Kila nililolikwepa kule ghalani lilikuwemo humu. Picha hiyo imetundikwa sebuleni kwake, nayo haidanganyi mtu, kwa sababu haimuuzii mtu kitu.

Kwa hiyo, anayeniuliza leo tukapigie wapi, nami humuuliza picha ni ya nani. Kama ni ya kwako na watu wako, nenda popote moyo unapotaka: ufukweni wakati jua linazama, stesheni kama umeruhusiwa, hata mbele ya nyumba ambayo hujaijenga bado. Kama ni ya mtu asiyekujua, atakayetoa jasho lake kwa kuamini macho yako, tafuta sakafu isiyo na majani na mwanga wa asubuhi. Ziwa letu lina kina kinachozidi mita 1,400, na hakuna picha iliyopigwa ufukweni inayokionyesha. Ziwa halidaiwi kukionyesha. Anayeuza kitu kwa mwenzake anadaiwa.