Shahidi wa Uongo Katika Bomba la Moshi

Si desturi ya walimu kuandika habari za aibu yao wenyewe. Walakini sisi wawili, mume na mke, tunaofundisha shule moja, tumeona yafaa kuandika habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, ina maarifa ya kazi ya mikono yawezayo kumfaa mtu mwenye gari akaaye mbali na mji. Ya pili, ina kosa tulilomkosea kijana wetu. Na kosa lililotendwa mbele za watu halifai kuungamwa chumbani.

Gari letu ni dogo, nalo lilitumika Japani kabla ya kufika kwetu Tanzania, kama yalivyo magari mengi ya nchi hii. Kutoka kijijini kwetu hata mjini ni kilomita 45. Kwenda na kurudi ni 90. Siku zote safari hiyo ilikula lita 9 za petroli. Twaijua hesabu hiyo kwa kuwa twaiandika katika daftari, maana gari lenyewe si la anasa. Ndilo lichukualo wagonjwa usiku, na wanawake walioshikwa na uchungu, na vitabu vya shule.

Siku moja taa ndogo ya manjano yenye picha ya injini ikawaka mbele ya dereva. Fundi mmoja akatuambia, "Hiyo haina neno, wengi huendesha nayo." Na kwa kuwa ilitusumbua macho usiku, tukakata kipande cha utepe mweusi tukakibandika juu yake, isionekane tena. Tukadhani tumemaliza shauri.

Wakati huo dereva wetu alikuwa kijana wa kaka yetu, aliyekuja kukaa nasi baada ya kumaliza shule. Ni kijana mpole, mwenye maneno machache. Baada ya miezi kadhaa tukaona katika daftari kwamba safari ya mjini yala lita 11, kisha 12, hata ikafika 12 na nusu. Tena kijana alirudi jioni akinuka petroli, na nguo zake zina masizi. Tukakumbuka habari za madereva wanyonyao petroli kwa mpira na kuiuza njiani. Hatukumwuliza kwa upole. Tulimwita mbele ya babu yake na wazee wawili, tukafungua daftari, tukasoma hesabu kama watu wasomao hukumu.

Yeye akasema neno moja tu: "Baba Mdogo, gari ndilo linalokunywa, si mimi." Tukamjibu kwamba gari halina kinywa. Kesho yake akafunga nguo zake akarudi kwa wazazi wake.

Basi tangu siku hiyo tukaendesha wenyewe, na ufunguo ukalala chini ya mto wetu. Safari ya kwanza ikala lita 12 na nusu. Ya pili, vile vile. Ya tatu tulipoandika hesabu, mmoja wetu aliweka kalamu chini, na mwenzake hakuuliza kwa nini. Majuto ni mjukuu, nasi mjukuu huyo alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

Tukaubandua utepe. Taa ilikuwa inawaka bado, kama ilivyowaka siku zote hizo, ikitwambia neno tusilotaka kulisikia. Kijana mmoja tuliyemfundisha zamani ana kifaa kidogo kichomekwacho chini ya usukani, kikapeleka habari za injini katika simu. Kikaonyesha namba mbili. P0171, maana yake injini yapata hewa nyingi na petroli haba. Na P0141, maana yake kipasha joto cha sensa ya pili ya oksijeni hakifanyi kazi.

Hapo yafaa kueleza sensa hizo ni nini. Petroli haiungui peke yake, huungua pamoja na hewa. Kilo 1 ya petroli yataka kilo 14.7 hivi za hewa, ndipo iungue sawasawa. Hewa ikizidi, injini hukosa nguvu. Petroli ikizidi, hutoka nyingine haijaungua, pamoja na masizi na sumu. Kwa hiyo sensa hupachikwa katika bomba la moshi, ncha yake ikiwa ndani, ipate kuuonja moshi. Umbo lake ni kama plagi yenye mkia wa nyaya. Ndani ya ncha mna kauri iitwayo zirkonia, ambayo ikipata moto wa nyuzi 300 na zaidi huzaa umeme mdogo kwa kadiri ya oksijeni iliyobaki katika moshi. Oksijeni ikiwa nyingi, umeme ni karibu volti 0.1, ikiwa kidogo, ni karibu 0.9. Kompyuta ya gari husikiliza habari hiyo, ikaongeza petroli au ikaipunguza. Sensa ya kwanza hukaa karibu na injini. Ya pili hukaa nyuma ya chombo cha kusafishia moshi, ipate kushuhudia kwamba chombo hicho kinafanya kazi.

Vitu hivi si vya kale sana. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuvitengeneza kwa wingi mwaka 1976, na magari ya Volvo ndiyo yaliyotangulia kuvitumia. Wala visingedumu katika petroli ya zamani yenye risasi, maana risasi huifunika kauri na kuiua. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilipatana mjini Dakar mwaka 2001 kuiacha petroli hiyo, na mwanzoni mwa mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kuachwa.

Basi tukaona ajabu. Sensa yetu ya kwanza ilisema petroli ni haba, lakini plagi tulipozitoa zilikuwa nyeusi kwa masizi, na moshi wanuka petroli. Mashahidi wawili wanapopingana, mmoja hasemi kweli. Tuliogopa huenda bomba limetoboka mbele ya sensa na kuvuta hewa ya nje. Kwa hiyo mmoja wetu akaziba mwisho wa bomba kwa kitambaa kinene kitambo kidogo, mwenzake akasikiliza. Hapakuwa na mlio wa hewa. Katika simu, umeme wa sensa ambao wapaswa kupanda na kushuka daima, ulisimama kwenye 0.1, hata tulipokanyaga mafuta. Yakini sensa ilikuwa imechakaa. Ilisema "hewa nyingi" siku zote, na kompyuta ikaisadiki, ikamwaga petroli bila kuuliza. Nasi tulikuwa tumetenda kama kompyuta hiyo.

Mfanya biashara mmoja alitaka kutuuzia sensa kuukuu zilizotolewa katika gari jingine, kwa bei ndogo. Tukakataa, maana kumwondoa shahidi mzee na kumweka mzee mwingine si dawa. Tukaagiza mpya mbili zenye namba ile ile ya gari letu.

Kazi tuliifanya uani, mahali peupe, wala si ndani ya banda. Moshi wa injini una gesi isiyoonekana wala isiyonuka, nayo huua mtu kimya kimya katika chumba kilichofungwa. Usiku tulitia mafuta ya kulainisha kutu katika mizizi ya sensa. Asubuhi tukawasha injini dakika chache tu, ili chuma kipate vuguvugu na nati zilegee, tukaizima. Tukafungua waya wa hasi wa betri. Gari tukaliinua kwa jeki, tukaliegemeza juu ya vigingi vya chuma, maana mtu mwenye busara haingii chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake. Mmoja akaingia chini, mwenzake akashika taa.

Tukachomoa kwanza kiungo cha nyaya, kisha tukatia spana ya milimita 22 yenye ufa wa kupitisha waya. Sensa ya kwanza ilifunguka upesi. Ya pili ilikataa kabisa. Tukaigonga polepole, tukaitia mafuta tena, tukangoja saa nzima. Mwenye haraka hapo huvunja nati ndani ya bomba, na hasara yake ni kubwa kuliko bei ya sensa. Sensa mpya zilikuwa zimepakwa grisi ya kijivu katika mizizi, ili zisishikwe na kutu; grisi hiyo haifai kugusa ncha, wala mkono wenye mafuta haufai kuigusa. Tukaanza kuzikaza kwa vidole, zisikwende upande, kisha kwa spana, kwa nguvu ya wastani. Nyaya tukazifunga mbali na bomba lisiziunguze.

Tukaifuta namba katika kompyuta, tukawasha. Katika simu umeme ukaanza kupanda na kushuka, kama mtu aliyerudiwa na pumzi. Taa ya manjano ikazimika pasipo utepe. Safari ya mjini ikala lita 9 na robo.

Hatukuwa na furaha ya kutosha, maana kazi iliyobaki ilikuwa nzito kuliko nati yenye kutu. Siku ya Jumamosi tukaenda kwa kaka yetu na sensa ile kuukuu katika karatasi. Tukaomba babu na wazee wale wawili waitwe, kwa kuwa walisikia shtaka, ilipasa wasikie na ukweli. Tukafungua daftari lile lile, tukasoma lita 12 na nusu za siku ambazo ufunguo ulikuwa chini ya mto wetu. Tukamwambia kijana, "Mwanangu, ulisema kweli, nasi tulikudhulumu. Tusamehe."

Alikaa kimya muda mrefu, akiigeuza sensa mkononi. Kisha akasema, "Nimesamehe, Baba Mdogo, Mama Mdogo. Lakini kurudi, nipeni muda." Hatukumhimiza. Alirudi baada ya miezi minne, na sasa hesabu ya daftari huiandika yeye mwenyewe.

Ndugu wasomaji, taa ya onyo ikiwaka katika gari lenu, msiizibe. Tafuteni sababu yake. Na hesabu isipolingana nyumbani, pimeni kwanza vitu, ndipo mpime watu. Sensa mpya hununuliwa dukani, ikafungwa kwa asubuhi moja. Jina la mtu likichafuliwa, hakuna duka liuzalo jingine.