Katuni Ni Tamu Mpaka Uchorwe Wewe

Wasee, tuongee ukweli. Hakuna mtu anachukia kejeli za kisiasa. Tunazipenda sana, tunazituma kwa grupu ya familia, tunaziweka status. Shida huanza siku ile mtu wako ndiye amechorwa. Ghafla unasikia, "Hii katuni imepoteza ladha." "Hawa jamaa zamani walikuwa wachekeshaji, siku hizi ni wanaharakati." Ladha haijaenda mahali. Ni jiwe tu limebadilisha njia, sasa linakuja upande wako.

Nasema hivi kwa sababu ya South Park. Kama huijui, ni katuni ya watu wazima kutoka Marekani, ilianza Agosti 1997, na waanzilishi wake ni jamaa wawili, Trey Parker na Matt Stone. Watoto wanne wa mji mdogo Colorado, wenye midomo michafu kuliko makanga wa mat za usiku. Usiiweke mathe akiwa sebuleni. Mimi niliijulia hosteli, kabla karo inishinde niachane na chuo mwaka wa pili. Leo natafuta unga kwa kutengeneza vidio fupi za katuni kwa simu, kwa hivyo hii mada kwangu si stori ya kupitisha muda. Ni kazi yangu.

Sasa, Julai 2025. South Park inarudi na msimu wa 27. Kipindi cha kwanza kinamchora Donald Trump akiwa kitandani na Shetani, bila nguo, huku akishtaki kila mtu anayemkera. Na hawakumgonga yeye peke yake. Paramount, kampuni inayowalipa, ilikuwa imekubali mwezi huo huo kumlipa Trump dola milioni 16 kumaliza kesi, na jamaa wakaliweka hilo ndani ya katuni. Wiki hiyo hiyo Paramount ilikuwa imefunga nao mkataba wa dola bilioni 1.5 kwa miaka mitano. Yaani umepewa pesa ya kununua mtaa mzima, na kitu cha kwanza unafanya ni kumcheka aliyekupa. Parker alipoulizwa siku iliyofuata, akasema wanaomba msamaha kabisa, uso mkavu kama jiwe. Ukumbi ukacheka.

Hapo ndipo watazamaji wakagawanyika katikati. Nusu wakasema hawa ndio mashujaa wa mwisho wa televisheni. Nusu wakasema katuni imekwisha. White House nayo ikatoa taarifa kwamba South Park haina maana tena kwa zaidi ya miaka 20, lakini ndani ya taarifa hiyo kulikuwa na hoja moja inauma: kwamba watu wa mrengo wa kushoto waliilaumu hii katuni kwa miaka mingi kuwa inatukana watu, na sasa ghafla wanaipigia makofi.

Na unajua nini? Hiyo hoja ni ya kweli. Ila ni nusu ya ukweli, kwa sababu upande wa pili ulifanya safari hiyo hiyo, ukielekea kule wengine walikotoka. Waliokuwa wakisema "siku hizi watu hawajui utani" ndio sasa walikuwa wamevimba.

Angalia historia uone hii tabia haina chama. Mwaka 2005 South Park iliicheka Scientology. Isaac Hayes, sauti ya mpishi wa shule na mfuasi wa imani hiyo, akatangazwa ameondoka 2006, ilhali alikuwa amekaa humo miaka kibao dini za wengine zikichekwa. Mwaka 2006 ikamcheka Al Gore kwa kelele zake za tabianchi, na walioona tabianchi ni stori za jaba wakafurahi. Mwaka 2018 katuni ikamrudia Gore ikikubali kwamba alikuwa na hoja, wale wale wakanuna. Mwaka 2019 ikaicheka serikali ya China, na China ikaifuta kwenye intaneti yake. Kila kundi lina tarehe yake ya kuudhika. Kabla ya hiyo tarehe, wote walikuwa wapenzi wa uhuru wa kusema.

Niliona hii kitu live hosteli. Tulikuwa sita kwa laptop moja. Jamaa mmoja, mtu wa ibada sana, alicheka kile kipindi cha Scientology hadi akashuka kitandani. Kesho yake tukaweka kingine, Yesu akatokea, maana Yesu ni mhusika wa kawaida humo. Jamaa akafunga laptop kwa mkono wake. "Hapa mmevuka mpaka." Hakuna aliyebishana naye, laptop ilikuwa yake. Lakini nilijiuliza: mpaka ulikuwa wapi jana?

Sisemi watu wasiudhike. Kuudhika ni haki yako. Nasema tuache kuuita uchungu wetu uhakiki. "Imenichoma" na "ni mbaya" ni sentensi mbili tofauti.

Kuna wanaosema dawa ni rahisi: chapa pande zote sawa, kofi moja huku, kofi moja kule, na hakuna atakayelalamika. South Park yenyewe ililelewa na hiyo falsafa. Uchaguzi wa Marekani wa 2004 waliuchora kama shule inachagua kati ya vitu viwili vya kuchefua, ujumbe ukiwa wote ni wale wale. Inachekesha, sikatai. Lakini kizazi kizima kikabeba somo kwamba mwenye akili ni yule hajali, na anayejali ni mjinga. Mimi hapo ndipo naachana nao. Kofi kwa rais mwenye jeshi na kofi kwa mwanafunzi mwenye bango si makofi sawa, hata ukiyahesabu yatoshane. Kejeli ya maana haitumii mizani ya duka. Inauliza nani ameshika rungu leo. Kesho rungu likihama, kalamu nayo ihame. Kwa hivyo msimu wa 27 haukusaliti chochote. Ulimfuata aliye na rungu.

Na ukitaka kumjua mtu, angalia anavyopokea kuchorwa. JD Vance, makamu wa rais, alichorwa kama kibeti mtumwa wa bosi wake, akajibu kwa utani kwamba sasa hatimaye amefika. Wizara ya Usalama wa Ndani ikachukua picha ya katuni hiyo hiyo na kuitumia kutafuta maafisa wapya wa uhamiaji, na South Park ikawauliza: kumbe bado tuna maana? Kristi Noem, aliyekuwa waziri wa wizara hiyo wakati huo, akasema ni uvivu kumcheka mwanamke kwa sura yake. Ana hoja kwa sura. Lakini katuni ilimwonyesha pia akipiga mbwa risasi, na hiyo stori ya kuua mbwa ameiandika yeye mwenyewe kwenye kitabu chake cha 2024.

Halafu kuna Charlie Kirk. Alichorwa msimu huo huo, akafurahi, akaweka picha ya huyo mhusika kama picha yake mtandaoni. Septemba 10, 2025 akapigwa risasi akafa, akiwa kwenye mjadala na wanafunzi chuoni, Utah. Comedy Central ikaondoa marudio ya kile kipindi, na kuna watu wakailaumu katuni. Naelewa uchungu. Lakini aliyechorwa alicheka, na aliyepiga risasi ni mtu mwenye bunduki. Tukianza kuweka kalamu na bunduki kwenye kapu moja, mwenye bunduki ndiye atafaidi.

Sisi Kenya tunajua hiyo kapu. Hapa XYZ Show ya Gado ilianza 2009, vibaraka vya wanasiasa kwenye televisheni, na nyumba nyingi zilicheka pamoja mpaka kikaragosi cha mtu wao kikatokea. Halafu Desemba 2024, vijana waliokuwa wakimkosoa na kumchora rais mtandaoni wakatekwa. Kibet Bull, yule wa picha za vivuli, akapotea kabla ya Krismasi, akarudi Januari 2025. Katika wiki hizo nilisoma komenti kutoka kwa vijana wa rika langu zikisema, "Lakini pia alizidisha." Alizidisha? Alichora. Miezi michache nyuma wengine wao walikuwa wakisambaza memi za viongozi wa upande ule mwingine kama njugu.

Hapo ndipo huu mgawanyiko wa watazamaji unaacha kuwa mchezo. Mwenye nguvu hahitaji nchi nzima imchukie mchoraji. Anahitaji nusu tu iseme "amezidisha" na inyamaze.

Kwangu mimi ni kitu kidogo tu, lakini nakihisi. Nikichora mwanasiasa wa upande mmoja, komenti ya kwanza ni "Umelipwa ngapi?" Wiki ijayo nichore wa upande mwingine, watu tofauti, komenti ile ile. Buda, ningekuwa nalipwa na pande zote mbili si ningekuwa nimehama hii bedsita? Hakuna anayeniambia, "Hiki ulichochora si kweli, na hii hapa sababu." Hiyo ndiyo ningependa kusoma. Hiyo ndiyo inaweza kunifanya nichore vizuri zaidi.

Kwa hivyo siku nyingine katuni ikikuuma, kabla hujaandika kitu, jiulize maswali matatu. Je, inasema uongo? Je, aliyechorwa ana nguvu juu yangu, au mimi ndiye nina nguvu juu yake? Na je, angechorwa adui yangu hivi hivi, ningecheka? Kama jibu la swali la tatu ni ndiyo, basi cheka tu, ama upite kimya. Lakini usimwite askari.