Ngomeni: Ukuta wa Watu na Ukuta wa Bahari

Ziara ya juma hili haina nauli kubwa wala safari ndefu. Tunatoka Mama Ngina, pale familia zinapobarizi jioni kwa mihogo na madafu, tukaelekea Ngomeni, kwenye mlango wa Bandari ya Kale ya Mombasa.

Wareno waliijenga Fort Jesus kati ya mwaka 1593 na 1596, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliitwaa mwaka 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Vita vimekwisha, lakini bahari haijaondoka. Ngome imeketi juu ya mwamba wa matumbawe, na mawimbi huula mwamba huo kutoka chini, kidogo kidogo. Ndiyo sababu miaka ya karibuni ukajengwa ukuta wa kuzuia bahari miguuni mwake.

Mhandisi ajengapo ukuta kama huo, au gati, au jukwaa la mafuta katikati ya bahari, huanza na swali moja: ni wimbi gani kubwa litakalokuja? Hutazama kumbukumbu za mawimbi yaliyopita, akakadiria lile liitwalo wimbi la miaka mia, lenye nafasi 1 kati ya 100 ya kutokea katika mwaka wowote. Jina hilo lisitulaze usingizi: jengo likisimama miaka 50, nafasi ya kukutana nalo hufika karibu 40 kati ya 100.

Hesabu hiyo huamini kwamba bahari ya kesho itafanana na ya jana. Sasa haifanani. Kati ya mwaka 1901 na 2018, usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20, na kasi yake inaongezeka. Vipimo vya satelaiti vya tangu mwaka 1985 vimeonyesha mawimbi makubwa yakizidi katika Bahari ya Kusini, na mawimbi ya huko husafiri mbali sana.

Sentimita 20 hazifiki hata shibiri. Lakini tazameni ule mstari mweupe wa povu huko nje. Hapo mwamba huyavunja mawimbi, na kina cha maji juu yake ndicho kiamuacho ukubwa wa wimbi litakalopita. Maji yakizidi kina, hupita wimbi kubwa zaidi; na kimo cha wimbi kikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne.

Matumbawe yaliyo hai huweza kukua na kuinuka pamoja na maji. Yaliyokufa humomonyoka. Mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha na kuyaua mengi katika pwani yetu.

Kwa hiyo, mkiwapeleka watoto Ngomeni, waonyesheni kuta mbili. Mmoja umejengwa na watu, na ili uinuke utahitaji fedha kila mara. Wa pili uko chini ya povu, na huinuka wenyewe ukiachwa hai: usikanyagwe maji yakipwa, usivunjwe kwa nanga, usitupiwe taka. Mji wa Kale, misikiti yake na nyumba zake, umesimama nyuma ya kuta zote mbili, nazo ni amana mikononi mwetu.